Jarida mkononi au makala kwenye simu: kipi kisomwe wapi

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanajiuliza swali hili wanapopanga matumizi ya mwezi: niendelee kununua magazeti na majarida, au pesa hiyo niongezee bando nisome mtandaoni? Wachapishaji kadhaa wameshakata shauri kwa niaba ya wasomaji wao. Newsweek la Marekani liliacha karatasi mwishoni mwa 2012, ingawa lilirudi kuchapishwa 2014. NME, jarida la muziki la Uingereza lililoanza 1952, lilitoa toleo lake la mwisho la kila wiki Machi 2018. National Geographic, lenye umri wa zaidi ya miaka 130, bado linawafikia waliojiandikisha, lakini limeacha kuuzwa mezani huko Marekani. Reader's Digest la Uingereza lilifungwa 2024. Hata Amkeni!, jarida la Kiswahili ambalo familia nyingi za Afrika Mashariki zimelipokea mlangoni bila kulilipia, limetoka kwenye toleo la kila mwezi hadi toleo moja tu kwa mwaka, na mengi yaliyobaki yamehamia tovutini.

Sababu zinajulikana. Bei unayomlipa muuza magazeti kwa kawaida haitoshi kulipia uchapaji. Kilichokuwa kikilipa ni matangazo, na matangazo yamehamia Facebook, Instagram na Google. Karatasi nayo inaagizwa nje kwa dola. Nchini Kenya, kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimama 2009, na tangu hapo kila shilingi inaposhuka thamani inampandishia mchapishaji gharama.

Niseme mapema ninaposimama. Kwa habari za leo ambazo kesho hutazihitaji, simu inatosha na inashinda. Kwa mambo ya kujifunza, ya kufundishia na ya kuweka, karatasi bado haijapata mpinzani, na anayeweza kuinunua aendelee kuinunua. Kati ya hizo mbili kuna maeneo ambayo jibu lake si rahisi, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Tuanze na pesa

Watu husema mtandaoni ni bure. Si bure, ila malipo yake hayaonekani kwa kila makala. Ukurasa mmoja wa tovuti, pamoja na picha na matangazo yake, kwa kawaida huzidi MB 2. GB moja basi itakufungulia kurasa zisizofika mia tano, na hapo sijahesabu video zinazojicheza zenyewe unapopitisha kidole. Gazeti zima la PDF laweza kufika MB 20 au 30. Pamoja na hayo, kwa mtu mmoja anayesoma makala mbili tatu kwa siku, simu ni rahisi kuliko gazeti, na hilo halina ubishi.

Hesabu inabadilika pale nakala moja inaposomwa na watu wengi. Gazeti la kinyozi linasomwa na kila anayesubiri zamu. Jarida la nyumbani linapita kwa baba, linaenda kwa shangazi, linaishia kwa mtoto anayekata picha za kubandika daftarini. Shirika la Femina Hip la Tanzania, lililoanza 1999, lilijenga kazi yake juu ya jambo hilo: jarida la Fema lilipelekwa bure kwenye shule za sekondari, wanafunzi wakalisoma kwa makundi kwenye klabu zao na kujadili kurasa za afya ya uzazi, ujasiriamali na maisha ya ujana. Nakala moja ilizunguka darasa zima. Simu haizunguki hivyo, kwa sababu ndani yake mna ujumbe wa watu, picha za watu na pesa za watu, na hakuna anayeikabidhi kwa jirani asubuhi akaipokea jioni. Kwa hiyo unapolinganisha bei, gawanya bei ya jarida kwa idadi ya macho yatakayolisoma, ndipo uilinganishe na bando lako.

Kuna njia ya tatu ambayo siihesabu kama chaguo: zile PDF za magazeti zinazofowadiwa kwenye magrupu ya WhatsApp alfajiri, kabla muuza magazeti hajapanga meza yake. Mwandishi aliyekesha akiitafuta habari ile hapati hata senti, na gazeti likifa, aliyekuwa akiipokea PDF ile naye hatakuwa na cha kusoma. Kama unataka kusoma kwenye simu, lipa panapolipiwa. Tovuti ya gazeti la Nation la Kenya ilianza kutoza baadhi ya makala zake 2021. Magazeti mengine nayo yana toleo la kidijitali unalojiandikisha. Ni kiasi kidogo kuliko kununua gazeti kila siku, na kinamfikia aliyefanya kazi.

Kufika

Hapa mtandao unashinda moja kwa moja. Gazeti linalochapwa Dar es Salaam humfikia msomaji wa wilayani Kigoma limeshachelewa, na vijiji vingi halifiki kabisa. Mswahili aliyeko Muscat, London au Minneapolis hawezi kulipata mezani hata akitaka. Kwa hao wote simu ndiyo meza ya magazeti. Vilevile mwenye macho yaliyochoka anakuza herufi mpaka azione, jambo ambalo karatasi haiwezi. Ila angalizo moja: kukuza kunafaa kwenye makala ya tovuti, ambayo maneno yake hujipanga upya kufuata upana wa skrini. PDF ya gazeti haijipangi. Unaivuta kwa vidole viwili, unasoma safu hadi chini, kisha unapandisha kutafuta safu inayofuata ilikoanzia, na ukifika umeshasahau sentensi ilikatikia wapi. Wanaosema kusoma kwenye simu kunachosha, wengi wanazungumzia PDF. Wajaribu makala yenyewe tovutini kabla ya kukata tamaa.

Upande wa pili yuko mwanafunzi wa bweni. Shule nyingi za Kenya na Tanzania haziruhusu simu, kwa hiyo kwake mjadala huu umeshakwisha: atakachosoma nje ya kitabu cha kiada ni kile kilichochapwa. Mzazi anayeuliza amnunulie nini mtoto anayerudi shule, amnunulie jarida.

Kuelewa na kukumbuka

Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Pablo Delgado walikusanya tafiti 54 zilizofanyika kati ya 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000, zilizolinganisha kusoma kwenye karatasi na kwenye skrini. Waliona wasomaji wa karatasi wanaelewa zaidi, na pengo lilikuwa kubwa zaidi pale msomaji anapobanwa na muda. Mtu angetarajia kwamba kadiri watu wanavyozoea vifaa, pengo lingepungua, lakini kadiri miaka ilivyosonga lilionekana kuongezeka.

Lakini kuna jambo ndani ya utafiti ule ambalo halitajwi sana, nalo ndilo linalosaidia kuchagua. Faida ya karatasi ilionekana kwenye maandishi ya maelezo: sayansi, historia, namna kitu kinavyofanya kazi. Kwenye masimulizi tofauti haikuonekana.

Hilo linalingana na tunachokiona kwa macho. Mkulima anayesoma namna ya kupima dawa ya kunyunyizia nyanya anarudi kwenye mstari uleule mara nne. Anakumbuka kwamba kipimo kilikuwa ukurasa wa kushoto, chini, karibu na picha ya pampu. Ukurasa unamsaidia kukumbuka kwa sababu una mahali. Kwenye simu kila kitu kiko mahali pamoja, katikati ya kioo, kinapita kikienda juu. Vivyo hivyo kwa mjamzito anayesoma dalili za hatari, mwanafunzi wa kidato cha nne, na mtu anayetaka kuielewa sheria ya ardhi kabla ya kwenda kwenye baraza. Hawa wote wasome karatasi. Makala ikiwa ipo mtandaoni tu, waipeleke steshenari ichapwe.

Hadithi za kuendelea

Anayefuata hadithi ana habari njema, maana kwake simu haipunguzi kitu, na nadhani Kiswahili kimenufaika hapa kuliko popote. Hadithi za kuendelea zilikuwa roho ya magazeti na majarida yetu. Watu walinunua toleo la wiki ili wajue kama msichana wa sehemu iliyopita alifungua mlango au hakufungua. Leo waandishi wengi, hasa wa Tanzania, wanaandika sehemu kwa sehemu kwenye Facebook, Telegram na WhatsApp. Sehemu za mwanzo wanazitoa bure, na anayetaka kuendelea anatuma pesa kwa simu kisha anaingizwa kwenye grupu. Mwandishi hapitii kwa mchapishaji, na hasubiri miezi kulipwa. Msomaji anampigia kelele usiku uleule kwamba mhusika fulani asife.

Kinachokosekana ni mhariri. Jina la mhusika linabadilika kati ya sehemu ya kumi na ya kumi na tano, alama za kuandika zinapotea, na hadithi nyingi zinakatika njiani bila mwisho, mwandishi amehamia hadithi nyingine. Gazetini mhariri alikuwa akidai sehemu inayofuata kabla ya siku ya kuchapa, na mwandishi aliandika apende asipende. Ukilipia hadithi ya mtandaoni, mpe kipaumbele mwandishi ambaye tayari ana hadithi aliyoimaliza.

Ushairi

Shairi ni jambo jingine kabisa, na linanigusa zaidi kuliko yote niliyotaja. Mshororo wa mizani (silabi) kumi na sita una vipande viwili, ukwapi na utao, na jicho la msomaji linahitaji kuviona vyote viwili kwenye mstari mmoja. Chukua mishororo hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya mfano:

Karatasi nishikayo, macho yangu yatulia,
Simu niifunguayo, haraka nakimbilia.

Kwenye safu ya gazeti, "-yo" inakaa juu ya "-yo" na "-ia" juu ya "-ia". Vina vya kati vinashuka kwenye njia yao, vya mwisho kwenye njia yao, na anayejifunza kughani anaviona kabla hata hajavisikia. Sasa vitazame kwenye simu yenye skrini nyembamba na herufi zilizokuzwa. Mstari unakatika baada ya "macho yangu", na "yatulia" inaanguka peke yake chini. Wa pili unakatika mahali pengine tena. Bahari ya shairi, yaani umbo lake, imepotea machoni, na kijana anayekutana na mashairi humo tu anaweza kuamini kwamba shairi la Kiswahili ni maneno yaliyovunjwa ovyo.

Kurasa za mashairi ndizo zilizowalea malenga wetu. Mambo Leo, lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, liliwapa wasomaji wake nafasi ya kutunga na kujibizana, na mashairi ya Shaaban Robert yalipita humo. Taifa Leo la Kenya limeendeleza desturi hiyo hadi zama zetu. Anayependa ushairi asiziache kurasa hizo zife kwa kukosa mnunuzi. Na wanaotuma mashairi kwenye magrupu, waandike kila kipande kwenye mstari wake, au watume picha ya ukurasa uliopangwa vizuri. Msomaji naye aigeuze simu ilale kwa upana. Si sawa na karatasi, lakini vina vinarudi mahali pake.

Kuweka kwa miaka

Wengi wanaamini kwamba kilichowekwa mtandaoni hakipotei. Taasisi ya Pew ya Marekani ilichunguza jambo hilo, na 2024 ikaripoti kwamba asilimia 38 ya kurasa za mtandao zilizokuwapo 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Wakati huohuo matoleo ya Mambo Leo ya karne iliyopita yapo kwenye maktaba, na mtafiti anayafungua na kuyasoma bila kuhitaji programu mpya wala nywila.

Kwetu kuna hatari nyingine. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za 2018 ziliwataka wenye blogu kulipia leseni, jumla ya shilingi zaidi ya milioni 2, na Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, ilizima huduma yake kwa muda. Oktoba 2024, Mamlaka ya Mawasiliano ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi. Tovuti zilinyamaza, na gazeti la karatasi likaendelea kuuzwa mezani. Kuna na siku ambazo intaneti yenyewe inazimwa: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 ilikaa gizani karibu siku ishirini, Uganda ilizimwa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, Tanzania Oktoba 2025. Siku kama hizo aliyezoea kusoma kwenye simu tu habari zote zinamkatikia kwa mpigo.

Karatasi nayo haina kinga. Mwaka 2020 leseni ya Tanzania Daima ilifutwa, na gazeti likatoweka mezani hadi serikali ilipolifungulia 2022 pamoja na mengine matatu. Tofauti ni kwamba nakala iliyokwisha kununuliwa haifutwi na mtu. Maadui wake ni mchwa, paa linalovuja, na muuza karanga anayenunua magazeti ya zamani kwa kilo. Ukitaka majarida yadumu, yaweke kwenye sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje, na uandike mwaka ubavuni.

Nani ameipitia

Mtandaoni makala iliyohakikiwa na uzushi huonekana kwa sura moja, herufi zilezile, kwenye mtiririko mmoja. Wapo wanaotengeneza picha zenye nembo ya gazeti linaloheshimika na kichwa cha habari cha kubuni, na picha hiyo inazunguka kwenye magrupu ya familia kabla gazeti lenyewe halijaikanusha. Karatasi imefungwa ndani ya jalada lenye jina la mhariri na anwani ya ofisi. Makosa yapo, lakini yana wa kuyajibu.

Hii haina maana kila cha mtandaoni ni cha kutilia shaka. Makala ya mtandaoni ya chombo chenye wahariri ina hadhi sawa na ya karatasi, na ina faida ya kusahihishwa saa hiyohiyo kosa linapoonekana, wakati gazeti husubiri kesho na jarida husubiri mwezi. Jambo la kufanya ni moja: usisome picha ya kichwa cha habari. Ingia tovuti ya chombo chenyewe uitafute habari hiyo. Ikiwa haipo, usiifowadi.

Uchague vipi

Kama unafuata siasa, michezo, bei za mazao na matangazo ya kazi, soma kwenye simu, na ulipie angalau chombo kimoja cha Kiswahili unachokitegemea. Uko Oman, Ulaya au Marekani? Fanya hivyohivyo, maana usajili wako wa kidijitali unasaidia chombo hicho kuendelea kuwalipa waandishi walioko nyumbani.

Kama una watoto wanaosoma, hata mmoja, weka fungu la jarida au gazeti la karatasi mara moja kwa wiki. La Jumamosi au Jumapili huwa na kurasa nyingi na makala ndefu zaidi. Usilichague kwa jalada. Simama mezani, fungua katikati, tazama kama kuna makala ya kurasa mbili inayoeleza jambo hadi mwisho. Ikiwa ndani mna picha za watu maarufu na vichwa vikubwa tu, pesa yako haitakuwa imenunua zaidi ya unachokipata bure Instagram. Mwalimu, kikundi cha akina mama au klabu ya vijana wanunue karatasi bila kusita, kwa sababu ndiyo inayosomwa kwa pamoja.

Mpenzi wa hadithi abaki kwenye simu. Mpenzi wa mashairi anunue gazeti lenye ukurasa wa mashairi, akate ule ukurasa, aupange kwenye faili.

Na makala ya mtandaoni unayoithamini kweli, usiiachie alama uliyoweka kwenye kivinjari. Ukiwa umeifungua, nenda Shiriki, kisha Chapisha, kisha uchague PDF. Andika jina la mwandishi na tarehe kwenye jina la faili, na uweke nakala kwenye memori kadi au kompyuta. Anwani ya ukurasa huo ibandike pia kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, inayohifadhi nakala za kurasa bila malipo, ili tovuti ikifungwa mwaka ujao mtu mwingine naye aweze kuisoma.